Baba ya nyanya hakuwa Mjerumani

Wasee, tangu niweke ile klipu ya kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani, komenti zinarudi kwa swali moja. Wewe ni Mborana, Mwislamu, mtu wa Sericho. Cheti cha ubatizo cha Wapokomo kinakuhusu nini? Mmoja akaongeza, "Chuo kilikushinda mwaka wa pili, Kijerumani ndio utakiweza?" Hiyo ya pili naiacha ipite, maana kilichonishinda ni karo, si chuo. Ya kwanza nitaijibu, na jibu ni refu kidogo, kwa hivyo tafuta kivuli.

Stori inaanza na rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja hosteli. Kwao ni Ngao, kule Mto Tana, karibu na mto unapokaribia bahari. Siku moja mwaka huu akanitumia picha ya karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Ni cheti cha ubatizo cha baba ya nyanya yake, cha mwaka 1908. Fomu yenyewe imepigwa chapa, lakini majina na tarehe zimejazwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko ambao ukiutazama haraka unafikiri sisimizi wamepita juu ya karatasi wakiwa wamekanyaga wino.

Kwa nini Kijerumani, na Ngao iko Kenya? Watu wengi hapa hawajui hii historia, hata mimi sikuijua. Kabla Waingereza hawajashika pwani yote ile, Wajerumani walikuwa Witu. Walitangaza ulinzi wao pale mwaka 1885, na mwaka 1890 wakawaachia Waingereza kwenye ule mkataba ambao wao walipata kisiwa cha Heligoland. Katikati ya hapo, mwaka 1887, wamishenari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika Mto Tana wakakaa Ngao. Bendera ya Ujerumani ikaondoka, wao wakabaki. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliandika sarufi ya Kipokomo na kamusi. Kwa hivyo kuna Wapokomo ambao makaratasi ya kwanza kabisa ya ukoo wao yako kwa Kijerumani, na wanaoweza kuyasoma nyumbani ni sifuri.

Sasa kuna binamu ya rafiki yangu. Yeye ndiye wa kwanza kuchukua picha ya kile cheti akakipitisha kwenye programu ya simu, ikamsomea. Pale kwenye mstari wa wazazi ikamtolea: "Eltern: Heiden". Eltern ni wazazi, hilo programu ilimwambia sawasawa. Na Heiden? Binamu akaona herufi kubwa mwanzoni, akasema hilo ni jina la ukoo. Akatafuta mtandaoni, akakuta kuna mji unaitwa Heiden Ujerumani na mwingine Uswisi. Basi kazi ikaisha. Baba ya nyanya alizaliwa na watu wa Heiden. Sisi ni wa damu ya Kijerumani. Ndiyo maana shangazi fulani ni mweupe kidogo. Ndiyo maana babu fulani alikuwa mkali na wakati.

Manze, usicheke. Hiyo stori ilishika ukoo mzima ndani ya mwezi mmoja. Binamu akaongeza Heiden kwenye jina lake la Facebook. Akaanza kuuliza watu kuhusu pasipoti. Kuna wazee waliokasirika kwa sababu ilimaanisha mama mzazi wa marehemu alikuwa na mambo na mzungu, na kuna wengine walifurahi kwa sababu hiyo hiyo. Nyanya mwenyewe, binti ya huyo aliyebatizwa, yuko hai, ana zaidi ya miaka themanini, na hakuna aliyemuuliza kitu. Walimwambia tu kwamba yeye ni Mjerumani robo.

Rafiki yangu alinitumia picha kwa sababu alijua nina kichaa cha vitu kama hivi. Nilikuwa sijui hata herufi moja. Nikamwambia nipe wiki mbili.

Mwandiko huo una jina, unaitwa Kurrent. Wajerumani waliutumia karne kadhaa. Mwaka 1915 shule za Prussia zikaanza kufundisha aina rahisi zaidi iliyochorwa na Ludwig Sütterlin, halafu mwaka 1941 serikali ya Hitler ikaufuta kabisa mashuleni, watoto wakafundishwa mwandiko wa Kilatini kama huu wetu. Matokeo ni kwamba Mjerumani wa rika langu leo akikuta barua za babu yake kwenye dari, haziwezi. Anahitaji kufundishwa kama mimi. Hiyo ilinipa moyo sana, nikaona kumbe tunaanzia mstari mmoja, ila yeye anajua Kijerumani na mimi nina kamusi ya bure na bando la siku.

Nilinunua daftari na kalamu, kwa sababu kila anayefundisha mwandiko huu anasema kitu kimoja: usiusome kwa macho tu, uandike. Mkono ukishajua herufi inakoanzia na inakoishia, jicho linafuata. Na ni kweli. Siku tatu za kwanza nilikuwa naandika alfabeti tu, kama mtoto wa chekechea, huku Akko wangu akipita na kuniuliza kama ninaandika hirizi.

Shida yenyewe iko hapa. Herufi e kwenye Kurrent haifanani na e yetu hata kidogo. Ni vijiti viwili vifupi vilivyounganishwa na mstari mwembamba. Yaani ukiiona unasema hiyo ni n. Na n nayo ni vijiti viwili, ila imeachana kidogo. Na u pia ni vijiti viwili, ndiyo maana waliiwekea kijikofia cha nusu duara juu ili isichanganywe na n. m ni vijiti vitatu. Kwa hivyo neno dogo kama "einen" linatoka kama meno ya msumeno, na wewe unakaa unahesabu vijiti. h ina kitanzi juu na kitanzi kingine chini ya mstari, ukikaa vibaya unaisoma f. s iko mbili: ya mwanzo na katikati ni mstari mrefu uliosimama, ya mwisho ni ya kujikunja. I kubwa na J kubwa kwa kawaida ni umbo moja, kwa hivyo jina kama Jilo unaweza kulisoma Ilo na usijue umekosea.

Na jina la marehemu lilikuwa limekosewa pia. Jina lenyewe sitaliandika hapa, rafiki yangu ameniomba. Lakini chukua jina la kawaida kule kwao, Hiribae. Kwa macho ya mtu asiyejua Kurrent, ile e ya mwisho ni n, na unapata "Hiriban". Ndivyo ilivyotokea kwenye cheti chao. Binamu alikuwa anazunguka na jina ambalo halipo, akisema hata jina lenyewe si la Kipokomo, si mnaona? Ushahidi mwingine wa Ujerumani.

Waandishi wengi wa zamani walikuwa na tabia nzuri: majina ya watu na maneno ya kigeni waliyaandika kwa herufi za Kilatini katikati ya Kurrent, kwa hivyo jina linaonekana wazi hata kama mengine huelewi. Huyu wetu hakufanya hivyo. Aliandika yote kwa mkono mmoja, haraka, kama mtu mwenye foleni mlangoni.

Nilipofika neno Heiden nililihesabu vijiti vyote. H, e, i, d iliyojikunja kichwa, halafu e na n zimeshikana kama vijiti vinne vya kiberiti. Programu ilikuwa imesoma sawa. Heiden ni Heiden. Nikafungua kamusi.

Heiden ni wapagani. Wingi wa Heide.

Na herufi kubwa haimaanishi jina la mtu, kwa sababu Kijerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa, iwe mbuzi, iwe meza, iwe mpagani. Kwa hivyo mstari wote unasema: "Wazazi: wapagani." Basi. Hakuna jina la baba, hakuna jina la mama, hakuna kijiji. Mmishenari aliuliza wazazi ni nani, au labda hakuuliza, akajaza herufi sita akaenda mstari unaofuata. Lugha ya msikitini kwetu tungesema makafiri, na nilijiuliza kama na sisi tungefanya hivyo hivyo kwenye daftari letu. Pengine ndiyo.

Nilikaa na hiyo siku mbili kabla sijampigia rafiki yangu. Unamwambiaje mtu kwamba ukoo wa kizungu aliotangaziwa ni tusi? Si hata tusi la hasira, ni la ofisini, la kujaza fomu. Mwishowe nikampigia usiku mtandao ukiwa umetulia. Alinyamaza, halafu akasema, "Kwa hivyo hawakuandika majina yao." Nikamwambia hawakuandika. Akasema, "Na hapo palikuwa na nafasi?" Nikaangalia picha tena. Nafasi ilikuwepo, mstari mzima.

Sasa nirudi kwa lile swali, inanihusu nini.

Nilipofika miaka 18 nilienda kutafuta kitambulisho. Mtu wa Nairobi hataelewa hii. Kwetu kulikuwa na kikao cha kuhakiki, unakaa mbele ya meza, unaulizwa ukoo wako, babu yako ni nani, alizikwa wapi. Cha baba nilikuwa nacho. Wakaomba cha babu. Akko alikuwa amekuja nami, amevaa nguo yake ya Idi. Akaanza kuwahesabia: mimi, baba yangu, babu yangu, baba ya babu, na kuendelea, pamoja na visima na mto na upande ambao kila mmoja alilisha ng'ombe. Akko akianza hiyo kazi hamalizi haraka. Jamaa wa upande wa pili akamkata katikati. "Mama, karatasi iko wapi?"

Karatasi ilipotea Gaafa Dhaabaa. Hilo ndilo jina letu la vita vya shifta, wakati wa kusimama, kuanzia 1963 mpaka 1967 kwenye vitabu, ingawa ukiwauliza wazee hawakupi mwaka wa mwisho. Watu wa Waso walikusanywa kwenye kambi, Garba Tula, Merti, mifugo ikaisha. Katika hali hiyo nani anabeba kipande cha mkoloni kwenye bahasha? Nilirudi nyumbani bila kitambulisho, nikakipata baada ya safari nyingine nyingi. Februari 2025 Rais alitia sahihi akiwa Wajir kuondoa ule uhakiki wa ziada, na mimi nilifurahi kwa wadogo zangu. Lakini ile sauti ya "karatasi iko wapi" haikutoka kichwani kwa sahihi.

Kwa hivyo rafiki yangu aliponitumia cheti, niliona kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: karatasi. Nikamwonea wivu kusema kweli. Nilidhani watu wenye vitabu vya kanisa walitatua hii shida zamani, wana mababu wao kwa wino, na wakiulizwa wanatoa. Halafu nikasoma karatasi yenyewe kijiti kwa kijiti na kukuta kwamba pale mahali babu na bibi wanapotakiwa kuwa, pana shimo lenye herufi kubwa.

Maoni yangu ndiyo hayo, mkitaka kuyaita maoni. Watu wetu wajifunze kusoma hizi karatasi wenyewe, na sababu si kwamba karatasi inajua zaidi ya Akko. Usipoweza kuisoma, utaamini inajua. Binamu hakudanganywa na Kijerumani. Alidanganywa na imani kwamba kitu kilichoandikwa na mzungu mwaka 1908 lazima kiwe kinasema kitu kikubwa. Mtu anayeweza kusoma angeona kwa dakika moja kwamba hakisemi chochote.

Na usiniambie mashine itasoma. Sina ugomvi na mashine. Kuna Transkribus, iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, inafundishwa kusoma miandiko ya zamani kwa kuonyeshwa kurasa nyingi ambazo binadamu wameshazisoma, na watu wa historia wanaitumia sana. Sawa. Lakini fikiria mashine imekula kurasa za akina Müller na Schmidt, halafu unaipa Hiribae. Inakisia kwa kile inachokijua. Binadamu wa Ngao anajua kwamba Hiriban haipo na Hiribae ipo, hata kabla hajajua e ya Kurrent inavyoandikwa. Mimi mwenyewe nililipata lile jina kwa sababu majina mengi ya Wapokomo na yetu yanapigana hodi. Jilo wako na sisi tunao. Galana kwao ni jina la mtu, kwetu ni neno la mto. Hakuna mtu Stuttgart mwenye hiyo.

Halafu kuna mambo yanayotuhusu sisi wenyewe, Wabarana na Waoromo wote, kwenye hati hizo hizo. Yule Krapf ambaye tunamsoma darasa la tano kama mtu wa Rabai, alipofika Mombasa mwaka 1844 aliyekuwa anamtafuta hakuwa Mmijikenda. Alikuwa anatafuta njia ya kufika kwa Waoromo kutoka kusini, baada ya kufukuzwa njia ya Ethiopia. Mwaka 1840 alishatoa kitabu kidogo cha lugha yetu. Hakufika. Alirudi kwao akafa Korntal, karibu na Stuttgart, mwaka 1881. Munich nako walichapisha kamusi ya Kioromo miaka hiyo hiyo ya 1840, kazi ya Karl Tutschek, na walimu wake wa lugha walikuwa vijana Waoromo waliotolewa utumwani wakapelekwa Bavaria.

Kuna msichana anaitwa kwenye historia Machbuba. Mworomo. Mkabaila mmoja wa Ujerumani, Pückler, alimnunua mwaka 1837 akiwa safarini huku Afrika, akampeleka kwao Muskau, na akafa huko Oktoba 1840. Kaburi lake liko Muskau. Machbuba ni Kiarabu, mpendwa. Hilo ni jina ambalo mnunuzi anampa alichonunua. Na kuna mwingine, Pauline Johanne Fathme, aliuzwa utotoni, akafika Ujerumani, akabatizwa, akafa mwaka 1855 Riehen, karibu na Basel. Hesabu majina: Pauline, Johanne, Fathme. Matatu, na hakuna hata moja ambalo mama yake angelijua. Walitoka upande wa Ethiopia, si watu wa Waso, lakini lugha waliyolilia usiku Akko wangu angeielewa.

Nilipokuwa najifunza t na k za Kurrent, nilikutana na maneno mawili ambayo yanapishana kwa herufi moja na mwandiko mbaya unaweza kuyachanganya. "Getauft" ni amebatizwa. "Gekauft" ni amenunuliwa. Nilifunga daftari nikatoka nje. Kwa Pauline yote mawili ni kweli.

Ukivuka mpaka ni kubwa zaidi. Tanzania kuna hati za serikali ya Kijerumani kwenye nyaraka za taifa pale Dar es Salaam. Misheni ya Leipzig ilianza Kilimanjaro mwaka 1893, Wamoravian walianza Rungwe mwaka 1891, na kila walipokaa waliandika: ndoa, ubatizo, kifo, nani kafukuzwa ushirika kwa kunywa pombe. Mchaga au Mnyakyusa wa leo anaweza kuwa na babu wa vizazi vinne kwenye kurasa hizo, na anayemsomea ni mwanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya aliyekuja kwa miezi mitatu. Wamoravian wa Bethlehem, Pennsylvania, wana kozi kabisa ya kufundisha kusoma mwandiko huu, kwa sababu hati zao za zamani pia ziko hivyo. Wamarekani wanalipa kujifunza. Sisi vyuo vyetu vina idara za Kijerumani, vijana wanajifunza kuagiza kahawa Berlin na kujaza fomu ya kazi ya uuguzi. Sijasema ni vibaya, kila mtu anatafuta maisha. Nasema wiki mbili tu za Kurrent hapo katikati haziwezi kuua mtu.

Wengine wataniambia hii ni kazi ya wataalamu. Nimewasikia. Lakini mimi ni mtu wa kontenti, nimeacha chuo, nafanya klipu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na nilisoma cheti kizima kwa siku kumi na tisa. Niliahidi kumi na nne, nikachelewa kwa sababu tulikuwa na shida ya ngamia. Cheti kina maneno kama arobaini ya mkono. Maneno yenyewe yanajirudia: geboren, amezaliwa, getauft, amebatizwa, gestorben, amekufa, Vater, Mutter, Pate ambaye ni msimamizi wa ubatizo. Ukiyajua kumi na tano hivi umefungua robo tatu ya kitabu cha kanisa. Onyo moja kwa wanaoingia vitabu vya zamani zaidi: ukiona 7ber si mwezi wa saba, ni Septemba, kwa sababu Kilatini saba ni septem. 8ber ni Oktoba. Kuna watu wamezika mababu miezi miwili kabla ya kifo.

Tulichofanya na rafiki yangu baadaye ni hiki. Alisafiri kwao. Akakaa na nyanya yake jioni, akanipigia kwa video, picha inaganda na kurudi. Nikamwambia nyanya shikamoo, akaitikia, akauliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia mimi ni Mborana wa Sericho, akacheka akasema zamani mlikuwa mnatuibia. Nikamwambia pole. Halafu rafiki yangu akamuuliza, "Nyanya, wazazi wa baba yako walikuwa wanaitwa nani?"

Hakufikiri hata. Alitaja jina la babu yake, na la bibi yake, na la kaka wa babu aliyeliwa na mamba, na shamba lao lilikuwa upande gani wa mto kabla mto haujahama. Aliongea dakika ishirini. Alipomaliza akauliza kwa nini hatukumuuliza mapema, tumemwacha na huyo Mjerumani miezi yote hii. Rafiki yangu akamsomea mstari wa cheti na maana yake. Nyanya akauliza, "Wapagani? Aliandika hivyo?" Akanyamaza kidogo. Akasema baba yake alikihifadhi kile cheti maisha yake yote, alikiweka ndani ya Biblia, na alikuwa hajui Kijerumani.

Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua mpaka leo, sina la kusema juu yake.

Rafiki yangu aliandika yale majina mawili kwa kalamu kwenye karatasi nyingine, kwa herufi za kawaida, na jina la nyanya kama aliyeyatoa, na tarehe. Ameiweka mgongoni mwa cheti ndani ya plastiki moja. Nami nimeanza kumrekodi Akko. Tumefika babu wa saba, tukakatizwa na mbuzi.

Binamu hajajibu ujumbe wangu. Nilimtumia picha ya ukurasa wa kamusi, akaona, alama mbili za bluu, kimya. Ila juzi nilipita kwenye Facebook yake nikaona jina limerudi kama zamani.